Mazoezi ya kuogelea ya watu wazima Shangani, Mtwara: fedha yako inalipia ule ubao

Wenzangu wa shuleni na majirani wameniuliza mara nyingi kama mazoezi ya asubuhi kwenye bwawa la hoteli kule Shangani yanastahili fedha inayotozwa. Jibu langu ni ndiyo. Bwawa lenyewe ni la kawaida tu, na upepo wa bahari tunaupata bure popote mjini hapa. Ninacholipia mimi ni ubao mweupe ambao kocha anauegemeza ukutani kabla hatujaingia majini, pamoja na kazi aliyoifanya usiku uliotangulia kuuandika.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, nina miaka 49, mzaliwa wa Mikindani. Watoto wa pwani ya kwetu tunajua maji tangu wadogo, lakini kujua maji ni jambo moja na kufanya mazoezi majini ni jambo lingine. Ukienda kwenye bwawa lolote la hapa siku ya Jumapili utaona watu wazima wanavyoogelea: anakwenda, anarudi, anakwenda, anarudi, pumzi ikimkatika anashika ukingo na kuzungumza robo saa, kisha anakwenda tena. Akitoka amechoka, na mwezi ujao atachoka vilevile kwa umbali uleule. Huduma ninayoieleza hapa imejengwa kwa watu hao. Jina la kocha siliweki kwa sababu mwenyewe ameomba lisiwekwe, ila ukifika Shangani alfajiri ukaulizia mazoezi ya watu wazima utaelekezwa.

Siku ni tatu kwa wiki: Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na mbili kamili asubuhi hadi saa moja na robo, na Jumamosi nusu saa zaidi. Ada ni shilingi 60,000 kwa mwezi, ukija siku moja moja ni 8,000, na kiingilio cha bwawa kimo humo humo.

Bwawa lina urefu wa mita 20. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Mabwawa ya mashindano ni ya mita 50 au 25, na karibu kila ratiba utakayoikuta mahali popote duniani imeandikwa kwa vipimo hivyo: mita 50, mita 100, mita 150. Kwenye bwawa la mita 20, mita 50 ni mara mbili na nusu, yaani unasimama katikati ya maji. Mita 100 ni mara tano, kwa hiyo unamalizia upande wa pili, kwenye kina, ambako kwa bwawa letu hakuna anayegusa chini. Kocha wetu hakunakili ratiba ya mtu. Amekaa akapanga upya kila kitu kwa 40, 80, 120, 200 na 400, ili kila mara unapomaliza uwe upande wa kina kifupi, miguu chini, macho kwenye saa na masikio kwake. Mtu aliyefikiria hilo kabla ya kufikiria ada, mimi nilimwamini siku hiyo hiyo.

Saa yenyewe ni saa ya ukutani, kubwa, yenye mshale mwekundu wa sekunde, ameifunga kwenye kipande cha mbao na kuisimamisha juu ya kiti. Njia za kuogelea zimetenganishwa kwa kamba za nailoni alizozitungia maboya ya nyavu za uvuvi. Njia ni tatu, na ndani ya kila njia watu hawaogelei sambamba. Unakwenda ukishika upande wa kulia wa njia, unarudi ukishika kulia kwako tena, kwa hiyo watu wanne wanaweza kuzunguka kwenye njia moja bila kugongana vichwa. Anayetaka kumpita mwenzake anamgusa unyayo, na aliye mbele anasubiri ukutani ampishe. Sheria hizi ni za kawaida kwenye vikundi vya waogeleaji kila mahali, lakini hapa zinafundishwa kwa upole mkubwa, kwa sababu kocha ni kijana wa miaka kama thelathini na sisi wengi tungeweza kumzaa. Kuna mzee mmoja mstaafu wa bandari, miaka 67, ambaye alizoea kutangulia kila mahali. Kocha alimwendea: "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba." "Leo naomba usitangulie, ufuate nyuma ya mama, ili upumzike vizuri zaidi." Mzee akafuata, na hadi leo anafuata bila kinyongo.

Sasa niueleze ubao, maana ndio kiini cha maelezo yangu yote.

Juu kabisa huwa kuna sentensi moja: lengo la siku. "Leo: kushika maji." Au "Leo: mwendo mmoja usiobadilika." Au "Leo: kasi, mapumziko marefu." Lengo ni moja tu, na kila kilichoandikwa chini yake kinalitumikia. Mwalimu yeyote aliyewahi kuandaa somo atalielewa jambo hili. Ukiingia darasani na malengo matano, wanafunzi hutoka na nusu ya moja. Nimewahi kumuuliza kwa nini hachanganyi, watu wasichoke na kitu kimoja. Akanijibu kwamba mtu mzima ana saa tatu au nne tu za maji kwa wiki, na saa hizo zikigawanywa vipande vidogo vidogo mwili haupati ujumbe wowote.

Chukueni Alhamisi ya kawaida, njia ya kati, ambayo ndiyo yangu. Tunaanza na mita 200 za taratibu, mitindo mchanganyiko: mtindo huru, chali, chura, kila mtu apendavyo, pumzi isihangaike. Baadaye ni mara 4 mita 40, ya kwanza polepole na ya nne karibu na mwendo wa kazi. Hapo tumeshakula kama dakika kumi na nne za kupasha moto tu, na wageni hulalamika kwamba wamekuja kuogelea na si kubembelezwa. Lakini mabega ya mtu wa miaka hamsini si ya mtoto wa kumi na tano. Kano zinazoshika bega zinataka muda, na moyo nao unataka kupandishwa ngazi kwa ngazi. Mwezi wa Julai, Kusi linapovuma na maji ya bwawa yasiyopashwa moto yanapouma asubuhi, kocha huongeza mita 120 hapa na kuzipunguza mahali pengine.

Kisha mbinu, mara 6 mita 40. Mbili za kwanza mkono mmoja unasubiri mbele hadi mwingine uje uuguse, ndipo uvute. Hii inamfundisha mtu kurefuka majini na kutopapatika. Mbili zinazofuata unaogelea umefumba ngumi. Ni zoezi la kuudhi, unahisi huendi kokote, lakini linakulazimisha kusukuma maji kwa mkono mzima kuanzia kiwiko hadi kiganja, na ukifungua vidole baada ya hapo unashika maji ambayo hukuwa ukijua yapo. Mbili za mwisho unahesabu mikono. Mimi nilikuwa natumia mikono 24 kuvuka mita 20, sasa ni 19, na nguvu zangu hazijaongezeka kiasi hicho. Ni maji yaliyokuwa yakinipita bure ambayo sasa nayatumia.

Baada ya hapo inakuja kazi yenyewe: mara 8 mita 80, kuondoka ukutani kila dakika 2 na sekunde 45.

Hapo kwenye "kuondoka kila" ndipo penye tofauti yote kati ya mazoezi na kuogelea tu. Ubao hausemi "pumzika kidogo". Unakupa wakati wa kuondoka. Ukifika kwa dakika 2 na sekunde 24, una sekunde 21 za kupumua. Ukichelewa ukafika kwa 2:35, umebakiwa na kumi. Ukifyatuka kama chui kwenye ya kwanza na kufika kwa 2:05, utapata mapumziko mengi mara hiyo, na ya tano itakudai yote. Kwa hiyo unajifunza kugawa nguvu bila mtu kukuhubiria. Mshale mwekundu unakuonyesha ukutani, kila mara.

Na hiyo 2:24 yangu haikuokotwa. Kila baada ya wiki nane tunapimwa: mita 400 kwa uwezo wako wote, mapumziko ya kutosha, kisha mita 200 kwa uwezo wako wote. Nilipopimwa mara ya mwisho niliogelea 400 kwa dakika 11 na sekunde 20, yaani sekunde 680, na 200 kwa dakika 5 na sekunde 20, yaani sekunde 320. Toa: zinabaki sekunde 360 kwa mita 200. Gawanya kwa mbili: sekunde 180, au dakika 3, kwa kila mita 100. Huo ndio mwendo ambao mwili unaweza kuudumisha kwa muda mrefu bila kujaa uchovu unaousimamisha. Mita 80 kwa mwendo huo ni sekunde 144, ndiyo hizo 2:24. Hesabu hii inatumiwa na makocha wengi duniani, nami niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili kama swali la uwiano, wakalipenda kuliko lile la matreni mawili.

Kwa nini mapumziko yawe sekunde ishirini na si dakika mbili? Kocha alitueleza akiwa amechuchumaa ukingoni, na naona ni maelezo ambayo kila mwogeleaji mzima anayahitaji. Mapumziko mafupi hayauachi moyo ushuke kabisa, kwa hiyo mwili unaendelea kufanya kazi ya ustahimilivu hata ukiwa umesimama. Lakini yanatosha kurudisha mkono kwenye umbo lake, ili mita 80 ya saba iogelewe vizuri kama ya pili. Ningeambiwa niogelee mita 640 mfululizo kwa mwendo ule, pengine ningezimaliza, lakini zile za mwisho ningezivuruga kwa mikono mibovu. Zikikatwa vipande vinane, naziogelea zote kwa ubora. Siku ya kasi mambo yanageuka: vipande vifupi kwa nguvu zote, na mapumziko ni dakika nzima au zaidi, maana bila kupumzika vya kutosha huwezi kuwa na kasi ya kweli, utakuwa na uchovu wa haraka haraka tu. Mapumziko yamepangwa kwa uzito uleule wa kuogelea, na bila hayo ubao wote ungekuwa orodha ya umbali tu.

Anatumia pia namba kutoka 1 hadi 10 kupima jinsi kazi inavyokulemea. Katikati ya kazi anapita ukingoni: "Mwalimu, ngapi?" "Saba." "Mzee wangu, ngapi?" "Nane na kitu." Kwenye kazi ya Alhamisi anataka saba au nane. Mtu akisema tisa kwenye ya tatu, anaambiwa ashuke hadi mita 40 lakini aendelee kuondoka na wenzake. Hatolewi majini, haaibishwi, hakosi mwendo wa kikundi. Kuna muuguzi ambaye mara nyingine huja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Siku hizo anafanya kupasha moto na mbinu, halafu anaogelea chali taratibu wakati sisi tunatweta, na kocha alimpangia hivyo bila yeye kuomba.

Tunamalizia na mara 4 mita 40 za miguu kwa ubao wa kushikilia, na mita 120 za kupoza mwili. Hizi za mwisho hazisamehewi hata kwa mwenye haraka ya kwenda kazini. Ukitoka majini ghafla wakati moyo unapiga mbio, damu hubaki miguuni na kichwa huzunguka, na kwa mwenye presha hilo si jambo la mchezo. Jumlisha: mita 1,520. Kwa vijana wa mashindano huo ni mwanzo tu wa asubuhi. Kwa mwanamke wa miaka 49 anayekwenda kusimama darasani vipindi sita, inatosha na inanifaa.

Wiki nne zinakwenda pamoja: tatu zinapanda kidogo kidogo, ya nne inashuka karibu theluthi. Nimeona watu wakilalamikia wiki hiyo ya nne kwamba wanalipia mazoezi mepesi. Sikubaliani nao. Mwili wa mtu mzima hujijenga wakati umepewa nafasi, na mabega yangu, ambayo yalikuwa yakiniamsha usiku nilipokuwa naogelea peke yangu bila mpango, siku hizi hayanisumbui.

Jumamosi moja kila mwezi tunakwenda baharini, Mikindani. Ghuba ile imefungika vizuri, mlango wake ni mwembamba, kwa hiyo mawimbi ya Kusi hayaingii kwa fujo. Hapa kocha anapanga kwa kalenda ya mwezi kabla ya kalenda ya wiki. Anachagua siku za maji mafu, ambazo bahari haipandi wala kushuka sana, na muda ni maji yakiwa yamejaa na kutulia kabla ya kuanza kupwa. Siku za bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na maji yote hayo lazima yapite mahali, kwa hiyo mkondo unakuwa na nguvu ambayo mwogeleaji wa mita 20 hajaizoea. Mtumbwi wenye mpiga kasia hutufuata muda wote. Mazoezi yenyewe ni mafupi: kuogelea ukiinua macho kila mikono sita kutazama alama ya nchi kavu, kuzunguka boya, kurudi. Konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, wakionekana wengi, tunarudi nyumbani. Mimi niliyekulia pale naweza kusema hajawahi kuchagua siku mbaya, na wavuvi aliowauliza ushauri ni wavuvi wa kweli wa pale pale.

Kwa kina mama wenzangu wanaovaa vazi la kufunika mwili mzima: njooni bila wasiwasi. Mimi ndivyo ninavyovaa. Vazi lile linakokota maji na linapunguza mwendo, hilo ni kweli, lakini kwa kuwa kila mtu anapimwa kwa vazi lake na kupangiwa muda wake mwenyewe, halikurudishi nyuma kwenye mpango. Kocha hagusi mtu. Akitaka kukurekebisha kiwiko anaonyesha kwa mkono wake mwenyewe akiwa ukingoni. Chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake ndicho kibaya. Ni kimoja, kidogo, komeo la mlango halishiki vizuri, na saa moja na robo sote tunakitaka kwa wakati mmoja. Hoteli inapaswa kulishughulikia hilo, na nimelisema mapokezi.

Yapo mengine yasiyoniridhisha. Njia ya wanaoanza inapewa mapumziko yasiyo na mpangilio mzuri. Kwa muda mrefu walikuwa wakiondoka pamoja nasi kila 2:45 huku wakiogelea mita 40 tu, kwa hiyo walisimama zaidi ya dakika moja kila mara, wakapoa, wakaanza kupiga soga. Mita 60 wasingeweza, zingewapeleka kwenye kina. Sasa amewapa muda wao, kila 2:05, na ni bora zaidi, ila inambidi afuate hesabu mbili kwa wakati mmoja na mara nyingine wao ndio wanaosahauliwa. Anahitaji msaidizi. Ada tunayolipa, kwa idadi yetu, naamini inaweza kumlipa msaidizi wa siku moja kwa wiki.

Pili, vile vibao vya mikononi. Ni vibao vya plastiki unavyovaa viganjani ili uvute maji mengi zaidi, na Jumamosi huvigawa kwa kila mtu. Kwa mtu wa miaka thelathini mwenye mkono ulionyooka, sawa. Kwa aliyevuka hamsini na ambaye bado kiwiko chake kinashuka anapovuta, kibao kinaongeza mzigo moja kwa moja begani. Mimi vyangu navirudisha kikapuni, naye hajanilazimisha, lakini naona visigawiwe kwa wote.

Tatu, fedha za siku za mvua. Kuanzia Desemba hadi Aprili kuna asubuhi zenye radi, na mazoezi hufutwa, kama inavyopaswa, maana hakuna anayebaki majini radi zikipiga. Lakini siku hizo hazifidiwi. Wengine wetu tunapata mshahara wa kuhesabu, na nafikiri ingekuwa haki siku mbili zilizofutwa zigeuzwe moja ya bure.

Mtindo wa kipepeo, ule wa kurusha mikono yote miwili kwa pamoja, haufundishwi kabisa, na hilo nalitaja kwa sababu wapo wanaoutamani. Shirikisho la dunia la michezo ya majini, World Aquatics, lililokuwa likiitwa FINA, linawaruhusu waogeleaji wa kundi la wakubwa kupiga miguu ya chura, iliyo nyepesi zaidi, wanapoogelea kipepeo, kwa hiyo umri si kizuizi kama watu wanavyodhani. Kundi hilo la wakubwa linaanzia miaka 25 na kugawanywa kila miaka mitano, ili mtu wa miaka 67 ashindane na wenzake wa 65 hadi 69. Mchezo ulianza kuwekewa utaratibu huu Marekani mwaka 1970, kwa msukumo wa daktari wa jeshi la majini, Ransom Arthur, aliyetaka watu wazima wawe na sababu ya kufanya mazoezi kwa ajili ya afya zao, na mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Tokyo mwaka 1986. Kwenye mbio za kupokezana wanajumlisha umri wa waogeleaji wote wanne. Sisi tulijumlisha tukiwa tunakausha nywele: mimi 49, mzee wetu 67, mfanyabiashara wa korosho 54, muuguzi 41, jumla 211, kundi la 200 hadi 239. Tangu siku ile mzee hakosi hata Jumanne, anasema timu bila yeye itashuka kundi, na hesabu yake ni sahihi.

Huyo mfanyabiashara wa korosho anastahili kutajwa kwa jambo moja zaidi. Kuanzia Oktoba minada inapoanza hatumwoni, yuko Newala, yuko Tandahimba, yuko maghalani. Anaporudi mwaka mpya, kocha hamrudishi kwenye njia yake ya zamani. Wiki mbili za kwanza anaogelea njia iliyo chini yake, nusu ya umbali, mbinu kwa wingi, na muda wake wa zamani haujadiliwi hadi apimwe upya. Maisha ya watu wazima wa Mtwara yana msimu, na mpango unaoukubali msimu ndio unaoweza kudumu nao. Ramadhani vivyo hivyo: mazoezi huhamia saa tatu na nusu usiku, baada ya tarawehe, taa za bwawa zikiwashwa, siku mbili tu kwa wiki, umbali nusu, na hakuna kazi nzito.

Kwa anayetaka kujiunga: sharti ni uweze kuogelea mita 40 bila kusimama, kwa mtindo wowote. Asiyejua kabisa atapelekwa kwenye mafunzo ya wanaoanza ya Jumapili, ambayo ni ada nyingine, na hilo liulizeni kabla ya kulipa chochote. Leteni miwani ya kuogelea, kofia, maji ya kunywa na taulo. Mbao za miguu na maboya ya mapajani vipo pale. Mwenye presha au sukari anaombwa karatasi ya daktari, na kocha hamwingizi majini bila hiyo hata kama ni mtu anayemheshimu vipi. Na siku ya kwanza fika Jumanne, usifike Alhamisi. Jumanne ni siku ya mbinu, saa imegeuziwa ukuta, na kocha ana nafasi ya kukutazama mkono wako tangu mwanzo hadi mwisho.